Farasi Hawakuambiwa

Mpira wa miguu una sheria kumi na saba, na zinafuatwa Tandika kama zinavyofuatwa Madrid. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, vipimo vya ovyo kabisa ambavyo asili yake ni yadi nane na futi nane za Waingereza, na dunia nzima imenyamaza ikachimbia nguzo hivyohivyo. Dakika ni 90. Kona inapigwa konani. Watu waliokubaliana mambo yote haya wameshindwaje kukubaliana namna ya kuandika odi?

Timu moja, mechi moja, siku moja. Kwetu itaandikwa 1.80. London wataandika 4/5. Ohio wataandika -125. Hong Kong, ambako nako hawataki kupitwa, wataandika 0.80. Zote hizo ni bei moja: weka 10,000, timu ikishinda unachukua 18,000, yaani elfu kumi yako na faida ya elfu nane. Namba nne kwa jambo moja, halafu mnashangaa watu wanauza simu.

Nitangulize kusema kwamba mimi sibeti. Si uchamungu, na majirani wanaonijua wasianze kucheka. Ni hesabu tu, na nitaifikia. Balaa langu ni kwamba zamani nilifundisha tuisheni ya hisabati, jina la Mwalimu likaniganda, na mtaa mzima ukaamua kwamba namba yoyote isiyoeleweka ni kazi yangu. Bili ya maji naletewa. Riba ya kikoba naletewa. Na tangu kubeti kuhamie kwenye simu, naletewa odi. Asubuhi sijanawa uso, mtu yuko mlangoni kanyoosha mkono: "Shikamoo Mwalimu, hii imekaaje?"

Makao makuu ya ugonjwa huu ni kibanda cha kinyozi. Kinyozi wetu ni fundi mzuri, Mungu amjalie, lakini hunyoa kwa mkono mmoja na kusuka mkeka wa kubeti kwa mkono wa pili. Upande wa kushoto wa ndevu zangu una historia ndefu ya sare za ligi ya Italia. Pale ndipo nilipokuwa nimekaa, shingoni nimefungwa kitambaa, asubuhi ile programu ya kampuni fulani ilipokuwa imejisasisha yenyewe usiku bila kumwuliza mtu. Desimali zote zilikuwa zimetoweka. Mahali pake pamejaa sehemu: 1/4, 11/8, 9/1, 100/30.

Kijiwe kilipagawa. Wengine walisema kampuni imefilisika. Fundi simu wa kibanda cha pili akasema ni virusi, na kwamba angeviondoa kwa elfu tano kila simu, akaanza kupanga foleni. Kinyozi yeye alikuwa ameganda kwenye mechi moja tu.

"Mwalimu, angalia. Huyu anaongoza ligi, na wamempa robo. Moja ya nne! Timu kubwa vile nafasi yake robo? Hawa kuna kitu wanakijua."

Kabla sijafungua mdomo akashuka chini kidogo, macho yakamtoka. Timu ya mkiani ilikuwa na 9/1.

"Tisa juu ya moja," akanong'ona. "Hii imepita hata nzima. Huu ni uhakika unaomwagika."

Ikabidi nieleze nikiwa na povu usoni. Ile namba ya chini ndiyo unayoweka, ya juu ndiyo faida. Kwenye 1/4 unaweka nne upate faida ya moja: toa 4,000, timu ikishinda unarudishiwa 4,000 yako na 1,000 juu yake. Kwa lugha ya kijiwe ni odi ya moja ishirini na tano. Kampuni inaona timu hiyo inashinda karibu mara nane katika kumi, ndiyo maana inakulipa kiduchu. Ile 9/1 ni kumi kamili ya siku zote, nafasi moja katika kumi. Kanuni ya kubadilisha haina uchawi: gawanya ya juu kwa ya chini, ongeza moja, umepata desimali. Ukitaka asilimia, chukua ya chini uigawe kwa jumla ya zote mbili. Kwa 1/4 ni nne kwa tano. Themanini.

"Kwa hiyo robo ni themanini?"

"Robo ni themanini."

Kinyozi akanitazama kwenye kioo kwa muda. "Mwalimu, hivi wale watoto wa tuisheni walifaulu?"

Sasa hasira zangu zote zilihamia kwa Waingereza, na zikawakuta mahali pabaya, maana chanzo chenyewe ni farasi. Sehemu hizi zilikulia kwenye viwanja vya mbio za farasi. Mpokea dau alisimama juu ya kisanduku na ubao wake, na habari za bei zikasafirishwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine na watu waliovaa glavu nyeupe, wakigusa pua, wakigusa sikio, wakipapasa bega. Bei ilitakiwa ihesabike kichwani, haraka, farasi wakiwa tayari wanapanga mstari, na tena kwa pesa ya wakati ule, ambayo ilikuwa kichaa kitupu: pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Kwa pesa ya namna hiyo, nusu, robo na thumuni zilikuwa na maana. Hapo siwalaumu. Mtu ameweka shilingi nane kwenye 11/8, anajua faida yake ni shilingi kumi na moja, hahitaji mashine.

Ninachowalaumu ni kilichofuata. Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza waliibadilisha pesa yao, pauni ikawa na peni 100, wakachapisha sarafu mpya, wakafundisha wazee kuhesabu upya madukani. Farasi hawakuambiwa. Zaidi ya nusu karne baadaye bado wanakimbia kwa 11/8, 13/8 na 15/8, na mpira wa miguu umefuata nyuma yao. Na kitu cha kukera zaidi ni hiki: huku kwetu, walikokuwa wakitutawala, shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921 ikiwa na senti 100. Yaani walitugawia sisi desimali nusu karne kabla ya kujigawia wenyewe. Halafu leo ndio wanaotutumia 13/8.

Ingekuwa basi hizo sehemu wanaziheshimu. Hawaziheshimu. Wana bei inaitwa 6/4. Mtoto wa shule ya msingi akiandika 6/4 bila kuirahisisha kuwa 3/2 anakatwa alama na kuambiwa amlete mzazi. Wao wanaiacha hivyohivyo kwa sababu inakaa katikati ya 5/4 na 7/4, na wamezoea kupanda kwa robo robo, basi imetoka hiyo. Wana 100/30, ambayo ni kumi kwa tatu iliyoongezewa masufuri kwa ajili ya heshima. Kwa desimali ni 4.33 na sufuri zote zinarudi nyumbani. Juu ya hayo, mtangazaji wao anaweza kuisoma 1/4 kwa kuigeuza, akaanza na nne, akamalizia na moja, kisha akatupia kineno kidogo mwishoni cha kukujulisha kwamba ameigeuza. Ukiwa umepiga chafya wakati wa kile kineno, umesikia 4/1. Tofauti ya 1.25 na 5.00 imebebwa na chafya.

Jaribu sasa kulinganisha. Ipi inalipa zaidi, 8/13, 4/6 au 8/11? Nipe jibu hapo ulipokaa, usitumie simu. Unaona? Kwa desimali ni 1.62, 1.67 na 1.73, na hata mtoto anayetumwa vocha dukani anajua ipi iko juu. Na hiyo 1.62 nayo ina maneno yake. Nane gawanya kwa kumi na tatu haiishi. Odi kamili ni 1.61538 na mkia mrefu. Kampuni moja itaikata iandike 1.61, nyingine itaipandisha iandike 1.62. Mtu wa 8/13 akiweka 100,000 anarudi na 161,538. Mtu wa 1.61 anarudi na 161,000. Hizo 538 zimekwenda wapi? Sijawahi kuona kampuni ikikata makombo kwa faida ya mteja, labda mtaa wenu.

Ila kuna jambo moja nitawapa Waingereza, na nalitoa kwa shingo upande. Sehemu yao haikupambi. Ikisema 4/5, inakuonyesha faida peke yake, nne kwa kila tano uliyotoa. Desimali yetu ya 1.80 inakuhesabia na pesa yako mwenyewe uliyokuja nayo mfukoni. Ndiyo maana kijana anasema "nimekula laki na themanini" wakati laki ilikuwa ya kodi ya chumba na alichokula ni elfu themanini. Hong Kong wameliona hilo, wakaondoa ile moja, wakaandika 0.80. Namba ya kweli kabisa, na kwa sababu hiyohiyo kijiweni haiwezi kupendwa. Nani atoke nyumbani kufuata sufuri nukta nane?

Majirani wao wa Asia wameharibu zaidi. Malaysia na Indonesia zinapakana kabisa, zinagawana kisiwa cha Borneo, lakini odi zao zimenuniana. Ile bei yetu ya 1.80, Mmalaysia anaiandika 0.80 bila alama yoyote na Mwindonesia anaiandika -1.25. Chukua sasa timu dhaifu ya 4.50: Mwindonesia anaandika 3.50 kifua mbele, Mmalaysia ndiye anayeweka alama ya kutoa, -0.29. Kutoa ya huyu ni kujumlisha ya yule. Nimesoma mpaka hapo nikafunga, sikutaka kujua zaidi.

Halafu kuna Marekani.

Mpwa wangu yuko Columbus, Ohio. Kwa miaka mingi alikuwa kijana wa kutuma picha za theluji na za gari. Mwaka 1992 Wamarekani walikuwa wametunga sheria ya kuzuia majimbo yasiruhusu kubeti michezo, ikabaki Nevada na mengine machache yaliyokuwa yameshaanza. Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaifuta, na jimbo moja moja likafungua mlango. Ohio walifungua tarehe 1 Januari 2023. Tangu hapo theluji siioni tena. Usiku wa manane, simu inalia chini ya mto:

"Shikamoo mjomba. Cleveland wako -180, wageni +155. Nimpige nani?"

Marahaba mwanangu, na ulale. Lakini halali, kwake ni mchana.

Mfumo wa Kimarekani umejengwa juu ya dola mia. Namba yenye kujumlisha inakuambia: ukiweka mia, faida yako ni hii. Namba yenye kutoa inakuambia: ukitaka faida ya mia, toa hii. Yaani namba ileile, ikibadilisha alama, inahama kutoka faida kwenda kuwa dau. Kwa +155 unaigawa kwa mia na kuongeza moja, unapata 2.55. Kwa -180 unageuza mambo, mia ndiyo unaigawa kwa 180, kisha unaongeza moja, unapata 1.56. Kanuni mbili kwa mechi moja. Na katikati ya -100 na +100 hakuna kitu. Namba 199 nzima, kuanzia -99 mpaka 99, hazina mkaazi. Ukifika -100 unaruka moja kwa moja hadi +100, na ukitua unagundua hukwenda popote, maana zote mbili ni 2.00.

Nilijaribu kumweleza shemeji yangu haya, siku mmoja wa wale wauza mikeka ya Telegram alipotuma utabiri aliouchota kwenye kurasa za Kimarekani bila kuubadilisha. Shemeji ni mtu wa mpira tangu enzi za redio ya mbao. Akaona -400, akacheka.

"Shemeji, hii timu imekwisha. Wamefungwa mabao mia nne zaidi ya waliyofunga?"

Huwezi kumlaumu. Kwenye msimamo wa ligi, mwenye alama ya kutoa ndiye kibonde, tofauti ya mabao imemkalia vibaya, anaelekea kushuka daraja. Mmarekani amechukua alama hiyohiyo akampa bingwa, na kadiri bingwa anavyonenepa namba inazidi kuzama: -150, -400, -1000. Kibonde ndiye anayepandishwa, +900, kifua mbele. Shemeji aliangalia ile +900 akaniuliza kama ni bonasi. Nikamwambia ni 10.00, ni ileile 9/1, ni timu ya mkiani. Akaniambia, kwa upole wa mtu anayeheshimu undugu, kwamba dada yake aliolewa na mtu mgumu kuelewa.

Lakini ngoja niwatendee haki na Wamarekani, kisha nirudi kulalamika. Wana utaratibu wa handikapu: timu kubwa inanyimwa pointi kwenye makaratasi, ndogo inaongezewa, mpaka pande zote zikaribie kulingana. Halafu pande zote mbili zinaandikwa -110. Hebu itazame vizuri. Mechi imesawazishwa, nusu kwa nusu, lakini huyu akitaka kushinda mia anatoa 110, na yule akitaka kushinda mia anatoa 110. Ile kumi ya nani? Haijafichwa, iko mezani, mtu yeyote anayejua kutoa mia kwenye mia na kumi anaiona. Kwa desimali bei hiyo ni 1.91, kwa sehemu ni 10/11, na katika sura zote mbili inapita mbele ya macho bila salamu. Mpwa wangu ili tu asipate wala asipoteze anahitaji kupatia zaidi ya mara 52 katika 100, wakati mechi zenyewe ni nusu kwa nusu. Nilimwandikia hilo. Akanijibu kwa kidole gumba.

Hapo ndipo inapoingia ile hesabu niliyoahidi. Niliifanya pale kwa kinyozi, nyuma ya bahasha, kwa ajili ya watu wanaoniuliza kwa nini sibeti. Chukua mechi ya kawaida: mwenyeji 1.80, sare 3.40, mgeni 4.50. Moja ukiigawa kwa kila odi unapata nafasi inayodaiwa. Mwenyeji asilimia 55.6. Sare 29.4. Mgeni 22.2. Mechi ina matokeo matatu tu, hakuna la nne, kwa hiyo jumla inatakiwa iwe mia. Jumlisha.

"Mia na saba nukta mbili," akasema kinyozi, mashine ikiwa imesimama juu ya kichwa cha mteja. Hesabu ya pesa huwa hakosei. "Mechi ina asilimia mia na saba?"

"Ndiyo."

"Hizo saba za nani?"

"Za kampuni."

Akafikiri. "Zinacheza namba ngapi?"

Fanya hesabu hiyohiyo kwa Kiingereza uone utamu wake: 4/5, 12/5 na 7/2. Inabidi kila moja uigeuze kwanza, upate tano ya tisa, tano ya kumi na saba, na mbili ya tisa, utafute namba moja ya chini inayozitosha zote, na ukimaliza, kama hujaitwa kula, jibu ni 164/153. Nani ataiona saba humo ndani? Kwa Kimarekani ni -125, +240 na +350, na hapo usijaribu hata kuzijumlisha kama zilivyo, utapata 465 ambayo haina maana yoyote duniani. Sisemi walikaa kikao wakapanga iwe ngumu. Nasema tu kwamba ugumu huo haujawahi kumsumbua mwenye kampuni.

Kwa hiyo desimali ndiyo rafiki yetu? Ingekuwa, kama isingerahisisha na mkeka. Hiyo ndiyo sumu yake. Desimali unazidisha tu: 1.50 mara 1.80 mara 2.00, umepata 5.40, kidole kimoja, mkono mwingine unaendelea kunyoa. Mwingereza akiwa na 1/2, 4/5 na 1/1 hawezi kuzizidisha hivihivi. Aongeze moja kila mahali, azidishe, kisha aitoe tena. Mmarekani akiwa na -200, -125 na +100 hawezi kufanya lolote mpaka azibadilishe kuwa kitu kingine. Kwetu, kwa sababu ni rahisi, mtu anaongeza mechi ya nne, ya tano, ya kumi, namba inavimba, na ile asilimia saba nayo inazidishwa kimyakimya pembeni. Mechi kumi, kila moja ikiwa na mzigo wa 7.2, zinakupa kitu cha ajabu: mzigo wote unafika karibu mara mbili. Mkeka ambao kwa hesabu ya haki ungestahili kulipa milioni mbili unalipa milioni moja. Na hapo mkeka uwe umetiki. Ambao kwa kawaida hautiki. Kuna sare ya dakika ya tisini na nne kutoka Ureno inauchana.

Nilipomaliza kueleza haya kibanda kilinyamaza, nikadhani nimeokoa nafsi. Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine.

"Lakini Mwalimu, Leicester."

Leicester ni dawa yao ya kila ugonjwa. Msimu wa 2015/16 ulipoanza, bei ya Leicester City kuchukua ubingwa wa Uingereza ilikuwa 5000/1, na Mei 2016 wakauchukua. Hakuna hesabu utakayoileta kijiweni isikutane na Leicester mlangoni. Na hapa nakiri sehemu ya Kiingereza ina kazi yake: elfu tano kwa moja inatamkika, inajaa mdomoni. Ukiiandika 5001.00 inapoa, inaonekana salio la simu. Ukiiandika +500000 hata shemeji ataomba bonasi. Nafasi iliyoandikwa humo ni asilimia 0.02, mara moja katika misimu 5,001. Nikamwambia kinyozi, hata ukimuunga mkono Leicester wa kila msimu kuanzia leo, utahitaji kuishi sana. Akasema mababu zake waliishi sana.

Ile programu nayo, kwa taarifa ya wote, haikuwa na virusi. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuchagua: Ulaya, Uingereza, Marekani. Ukibonyeza Ulaya desimali zinarudi. Niliwaonyesha. Fundi simu akanuna mpaka jioni. Baada ya muda mfupi nikakuta vijana wawili wameirudisha kwenye Uingereza kwa hiari yao, kwa sababu, wanasema, 9/2 inaonekana kubwa kuliko 5.50. Ni bei ileile! Na mmoja ameiweka Marekani, anajidai, anapita mtaani akisema "nimekamata plasi mia tatu" na wasichana wanageuka.

Kwa hiyo nimechoka kufanya kazi bure, na nimebandika bei ukutani pale kwa kinyozi, karibu na picha za mitindo ya nywele. Kubadilisha desimali kwenda asilimia ni bure. Sehemu za Kiingereza, chai na chapati mbili. Ikiwa kuna namba 13 ndani yake, ongeza maharage. Odi za Kimarekani zenye kujumlisha, supu. Zenye kutoa, supu na ndizi. Malaysia na Indonesia sipokei, wapatane kwanza. Wateja walioko Ohio walipe kwa dola, na wapige simu mchana wa huku. Na juu ya kila huduma inaongezwa asilimia 7.2.

Kinyozi aliusoma ule ubao wote, mashine mkononi, mteja kichwa nusu. Akauliza hizo saba za kazi gani.

Nimemwambia ni kiungo mkabaji.